Fimbo ya Kuvunjia ya Mama Hadija

Hadija alinipigia simu nikiwa nachambua mbaazi kwenye baraza yangu hapa Masasi, na kabla hajasema neno nilishajua, maana Hadija si mtu wa kupiga simu asubuhi. "Dada Agnesi, mama ametutoka," akasema, kisha akakata. Nilifika Newala kabla ya mazishi. Uani wanawake walikuwa wamejaa mikekani, wengine nawafahamu, wengi siwafahamu, na kama ilivyo kawaida ya msiba wa mtu mzima aliyeondoka kwa zamu yake, vilio vilikuwa vimepungua na watu wameanza kumsimulia marehemu. Mmoja alieleza jinsi alivyokuwa akitwanga makopa ya muhogo ya kulisha msiba mzima peke yake, wenzake wakibaki kumpepetea tu. Mwingine akasema hakupata kumwona akikaa bure. Kisha mama mmoja mnene aliyeketi karibu na mlango akatikisa kichwa na kusema, "Marehemu hakuwa mtu wa michezo kabisa," na wote wakaitikia, kweli, kweli, hakuwa mtu wa michezo. Niliinamisha uso nikajifunika vizuri mtandio wangu, wakadhani nalia. Sikuwa nalia. Nilikuwa namwona Mama Hadija ameinama juu ya kitambaa cha kijani, khanga kaifunga kibwebwe, jicho moja kalifumba, na mimi pembeni nikiziba masikio.

Mwaka ninaousimulia ni ule ambao wanunuzi binafsi wa korosho walikuwa bado wageni kule juu Newala. Zamani korosho ilikuwa na njia moja tu, ya chama cha ushirika, halafu ghafla tukaanza kuona malori ya kila rangi yakipanda mlima kutoka Masasi, kila lori na bwana wake, kila bwana na mizani yake. Mimi nilikuwa karani wa kampuni moja ya namna hiyo, ndiyo kwanza nimemaliza kozi ya uhazili, na nilipelekwa Newala kwa sababu wenzangu wote walikataa. Msimu wenyewe nauona kama vumbi na kelele tu. Ghala lilijaa magunia hadi kwenye kenchi za paa, vijana wa kampuni walilala juu ya magunia hayo hayo, na katikati ya sakafu, mahali palipoachwa kwa makusudi, palisimama meza ya pool. Ililetwa kutoka Dar es Salaam na lori lililokuwa linakuja tupu kubeba korosho, kwa amri ya mkubwa wetu, aliyesema bora vijana wachezee ndani kuliko kwenda kulewa uraka, pombe ya mabibo, vijijini. Wakacheza, na uraka wakanywa vilevile. Mimi nilikuwa nawaandalia stakabadhi zao huku nawatazama, na siku wakiwa wachache walinipa fimbo nikajaribu, mmoja akanionyesha namna ya kuweka vidole na namna ya kuviringisha fimbo juu ya meza kuona kama imepinda. Basi ujuzi wangu ulikuwa huo.

Msimu ukaisha. Lori la mwisho liliondoka na vijana wote wamepanda juu ya magunia wakiimba, na mkubwa, kichwa nje ya dirisha la gari lake, akaniambia, "Agnesi, wewe baki kidogo, angalia vitu. Tutakutumia gari." Vitu vyenyewe vilikuwa mizani mbili, marobota ya magunia matupu, na ile meza. Hicho kidogo kikawa masika yote. Dereva mmoja alikuwa akipita mara chache kuniletea mshahara, nikimuuliza gari la kunichukua lini, anaangalia mawingu. Asubuhi nilifungua mlango wa ghala, nikakaa kwenye kiti changu mbele ya meza yangu ya ukarani isiyo na karatasi, mvua ikapiga bati, jioni nikafunga. Pale nje watu walizungumza Kimakonde, ambacho nilikisikia nusu, na walipoongea nami waligeukia Kiswahili cha heshima, shikamoo na marahaba, habari za kazi, nzuri, kisha wakarudi kwenye mazungumzo yao na mimi nikabaki upande wangu. Jumapili nilikwenda kanisani, tukawa wachache kwenye mabenchi, nikarudi. Nimewahi kuishi mahali pengi baadaye, na nimewahi kufiwa, lakini upweke wa kukaa kwenye ghala tupu ukiwa na miaka ishirini na kitu, huku ukisikia wengine wanacheka upande wa pili wa ukuta, ule sijaupata tena.

Nilipanga chumba nyumbani kwa Mama Hadija, nyumba iliyokuwa nyuma ya ghala kabisa. Dirisha langu lilitazama ukuta wa ghala, kwa hiyo hata nikiwa nyumbani nilikuwa kazini. Mwenye nyumba alikuwa mjane, mfupi, mpana wa mabega, mwenye mikono ya kutwanga. Alitwanga muhogo wa nyumba yake na wa majirani, na mchi wake ulianza kusikika kabla ya adhana. Aliishi na binti yake wa pekee, Hadija, aliyekuwa ameposwa na watu wa Tandahimba. Kila alasiri Hadija alikwenda kujifunza cherehani kwa fundi mmoja sokoni. Mama Hadija hakuwa msemaji. Aliniwekea chakula kwenye bakuli lenye kifuniko, ugali wa muhogo na kisamvu, au ming'oko, ile mizizi ya porini, ya kuchemsha wakati ule wa mvua ambapo akiba ya chakula inapungua, akasema, "Kula, mwanangu," akaenda zake. Maji yalitoka kwenye kisima chake cha kuvunia mvua, na aliyapima kwa macho nilipokuwa nayachota. Miezi ile ya mwanzo sidhani kama tulizungumza zaidi ya hayo.

Nilianza kucheza kwa sababu ya kimya. Siku moja mvua ilikatika ghafla na ghala likawa kimya mno hata nikasikia mchwa kwenye mbao za kenchi, nikainuka, nikapanga mipira ndani ya ile pembe tatu ya mbao, nikachukua fimbo ya kwanza niliyoifikia, nikavunja, yaani nikaupiga mpira mweupe uitawanye mingine. Katika ghala tupu, chini ya bati, mlio ule ni kama mtu kapasua gogo sikioni mwako. Nilishtuka mwenyewe. Halafu nikapanga tena. Tangu siku hiyo ikawa ndiyo kazi yangu. Sikujali sana kuingiza mipira mashimoni, nilichotaka ni ule mlio na ile dakika ya baadaye, mipira inapotawanyika kila upande kama watu waliosikia habari.

Habari zenyewe zilisambaa pia. Nikiwa dirishani kwangu nilisikia wanawake wawili wanaopita wakisema kampuni imeleta mashine ya kubangulia korosho, imefichwa ghalani, yule karani wa Masasi anaijaribu. Kiwanda cha zamani cha kubangulia kilikuwa kimefungwa siku nyingi, na hakuna mtu aliyeacha kukiota. Kesho yake wakaja kundi zima, khanga safi, wengine na watoto mgongoni, wakasimama mlangoni kuomba kazi. Nilifungua mlango wote, nikawaonyesha. Waliitazama ile meza kwa muda mrefu. "Kumbe ni ya kuchezea," akasema mmoja wao taratibu, na wakaondoka bila kucheka, na mimi nikaona haya kama niliyewadanganya.

Mama Hadija hakuwa katika kundi hilo. Alikuja peke yake siku nyingine, alasiri, Hadija ameshakwenda kwa fundi, akaja na bakuli langu ingawa si saa ya kula. Akaliweka juu ya mizani. "Nataka kuuona mlio," akasema, hivyo hivyo, kuuona. Nikapanga, nikavunja. Akainama akaokota mpira mmoja ulioingia kwenye wavu, akaupima mkononi, akaurudisha. "Na wewe unapiga hivyo kwa sababu gani? Kama unauogopa mpira."

"Ndivyo walivyonifundisha, mama."

"Hebu nipe."

Kwenye ukuta zilining'inia fimbo tano juu ya misumari. Alizishika moja baada ya nyingine, akazigonga kitako sakafuni, akasikiliza, kama anavyofanya mtu anayenunua mchi. Akaichagua ile nzito kuliko zote, ambayo hata vijana wa kampuni waliiita Mchi, na nikafikiri, naam, ndiyo yake. Alisimama, akainua mikono yote miwili juu, na kabla sijasema kitu akaupiga ule mpira mweupe kutoka juu kwenda chini kama anayetwanga. Mpira ukaruka. Ulipita juu ya wenzake bila kuwagusa, ukapita juu ya meza yangu ya ukarani, ukagonga bati la ukuta kwa kishindo, ukaviringika ukatokomea nyuma ya marobota. Tulitazamana. Halafu Mama Hadija, ambaye sikupata kuona meno yake tangu nihamie, akaziba mdomo kwa ncha ya khanga na mabega yakaanza kutikisika. Tulihangaika kuyasogeza yale marobota hadi adhana ya magharibi, yeye akisukuma, mimi nikiingiza mkono, kila mara nikiibuka na panya aliyekauka badala ya mpira.

Kesho yake alirudi, na keshokutwa. Alitaka kuvunja tu. Nilimfundisha kuinama, kulaza fimbo, kuipitisha juu ya vidole vya mkono wa kushoto, na yote hayo aliyashika upesi, lakini mipira haikutawanyika. Fimbo ile nzito ilimsaliti. Sote wawili tuliamini kwamba uzito ndio nguvu. Kila akishindwa alisema labda ingekuwa nzito zaidi. Ilichukua siku nyingi za mvua kuelewa kwamba nguvu anazo tayari begani, na ile fimbo kazi yake ilikuwa kuzichelewesha. Alipovuta mkono, fimbo ilikuja nyuma yake kama mtu mvivu anayeitwa shambani, na mpaka iufikie mpira, ule mkono ulikuwa umekwisha kuchoka kuisukuma. Basi tukageukia ile nyembamba kabisa. Hiyo ilikimbia, lakini ilikuwa laini, ikigusa mpira inatetemeka hadi kwenye kiwiko, na mpira mweupe ulikwenda pembeni. Ya tatu ilikuwa imepinda, tukaiviringisha juu ya meza ikawa inachechemea. Ya nne ilikuwa nzuri, nyoofu, na hiyo ndiyo niliyoipenda kwa kuchezea. Lakini ncha yake ilikuwa ya ngozi laini, na baada ya mapigo machache ya Mama Hadija ilibonyea ikatandaa kama uyoga, nikalazimika kuisugua kwa msasa, nikamwomba asiiguse tena. Akakasirika kidogo. "Yako nzuri, yangu mbovu," akasema.

Iliyobaki ilikuwa ile ya mwisho, ambayo wakati wa msimu hakuna aliyeishika hata siku moja. Ilikuwa imewahi kupasuka upande wa kitako na mtu akaikata, kwa hiyo ilikuwa fupi kuliko nyingine, na nchani, badala ya ngozi ya dukani, kijana mmoja alibandika kipande cha soli ya kiatu, kigumu kama kwato. Kwa mchezo wa kawaida haikufaa. Mpira uliteleza, haukusikia. Niliishusha nikampa ili kumtuliza tu. Alikuwa mfupi, na fimbo fupi ikamkaa mkononi. Haikuwa nzito, haikuwa nyepesi, na kwa kuwa ilikatwa haikuyumba hata kidogo. Aliitembeza mara mbili juu ya vidole, akavuta pumzi, akaiachia. Sijui niseme nini kuhusu mlio ule. Mipira ilifunguka kama kapu la korosho lililomwagwa, minne ikaingia mashimoni, na ule mweupe ukabaki katikati ya meza unazunguka mahali pamoja. Mama Hadija alibaki ameinama vile vile. Kisha akanyooka, akaitazama fimbo juu mpaka chini, akasema kwa sauti ndogo, "Hii inanijua."

Kuanzia hapo ikawa yake. Tuliiwekea msumari wake mwenyewe, mbali na nyingine, na hatukuitumia kwa lolote isipokuwa kuvunja. Yeye akimaliza pigo hilo anairudisha ukutani kwa mikono miwili, anachukua nyingine, tunamaliza mchezo polepole, tukiongea. Maana tulikuwa tunaongea sasa. Pale kwenye meza alinieleza habari za mume wake, jinsi alivyokuwa mcheshi na jinsi nyumba ilivyopoa baada yake. Alinieleza kwamba wakwe wa Hadija ni watu wazito, wa dini, wanaouliza kila kitu, na kwamba usiku hapati usingizi kwa kuwaza kama binti yake atapendwa. Yote hayo aliyasema huku anatazama mipira. Nami nilimwambia mambo yangu, kwamba nasikia siku nyingine kama nimesahauliwa pale kama moja ya zile mizani, na alinisikiliza, akapaka chaki, akasema, "Zamu yako." Saa ya Hadija kurudi ilipokaribia alijifuta vumbi la chaki mikononi, akajifunga khanga vizuri, akatoka kwa mlango wa nyuma, na jioni tulipokutana uani aliniwekea bakuli na kusema, "Kula, mwanangu," kana kwamba hatujaonana tangu asubuhi.

Mvua zilipoanza kupungua likaja lori. Halikuja kunichukua mimi. Mwenye baa mmoja wa Masasi alikuwa ameinunua meza kwa mkubwa wetu huko huko Dar es Salaam, na sasa ametuma watu wawili kuifuata, dereva na kijana mmoja mtaratibu aliyeitwa Hamisi, ambaye ndiye angeisimamia. Walifika jioni, na mlima ulikuwa bado unateleza, wakaamua kulala na kuondoka barabara ikikauka. Hamisi alikuwa mchezaji kweli. Alikuja na fimbo zake mbili kwenye mfuko wa turubai, akanieleza kwamba moja ni ya kuchezea na ya pili ni ya kuvunjia tu, na nilipomwambia kwamba hata sisi tuna ya kuvunjia alicheka kwa heshima. Asubuhi yake aliikagua meza kama mganga. Alipiga magoti akapima miguu, akapitisha kiganja kwenye kitambaa, akafika pale mpira mweupe unapowekwa wakati wa kuanza, akasimama. Kitambaa pale kilikuwa kimeungua alama nyeusi ndogo ndogo kwa mapigo ya kuvunja. Akaenda ukutani, akaishusha ile fimbo fupi, akaitazama soli nchani.

"Dada, nani anavunja hapa?"

"Mimi," nikasema.

Wakati huo Mama Hadija alikuwa anaingia na sinia la chai na mihogo ya kuchemsha, maana wageni wangu walikuwa wageni wake. Alijitanda vizuri, macho chini, akatembea kando ya meza ile kama anayepita kando ya kaburi asilolijua. Hamisi alipanga mipira. Akanipa ile fimbo fupi mkononi, bila dhihaka, na kusema, "Hebu vunja, dada, nione." Nilimtazama Mama Hadija. Nilitaka kitu kimoja tu, kwamba aweke sinia chini, achukue fimbo yake, awaonyeshe. Sijui kama nimewahi kumtakia mtu jambo kwa nguvu vile. Yeye alikuwa anamimina chai. Nikainama, nikavunja. Mipira michache ilijisogeza, mingine ikabaki imeshikana kama watoto wenye baridi. Dereva akacheka. Hamisi hakucheka, alitazama ile mipira, akatazama zile alama kwenye kitambaa, kisha macho yake yakaenda kwenye mkono ulioshika birika.

"Ahsante kwa chai, mama," akasema. "Una mikono ya nguvu."

"Ya kutwangia, baba," akajibu Mama Hadija, akamwekea sukari, akatoka.

Nilimfuata uani. Sikuwahi kumsemesha kwa hasira kabla ya siku ile. Nilimwambia kwamba ameniacha peke yangu mbele za watu, kwamba pigo moja tu lingetosha. Alikuwa ameshaushika mchi. "Mwanangu," akasema, "wale wanarudi Masasi, na kesho yake lori linakwenda Tandahimba. Dereva ana mdomo. Wakisikia wale wakwe kwamba mama wa bibi harusi anashinda godauni anacheza mchezo wa baa, watavunja posa? Labda hawatavunja. Lakini binti yangu ataisikia maisha yake yote." Akatwanga mara mbili, tatu. "Wewe hukuwa na cha kupoteza pale. Mimi nilikuwa nacho." Na alisema kweli, na ndicho kilichoniuma, kwamba sikuwa na cha kupoteza. Juzi, baada ya arobaini, nilimsimulia Hadija habari hii yote, naye sasa ana wajukuu. Nilidhani atacheka au atakasirika. Alisema tu, "Kumbe ndiyo maana." Nilimuuliza maana ya nini, akaniambia nikitaka kuandika niandike.

Waliipakia meza keshokutwa yake, kwa kusaidiwa na wapita njia. Zile fimbo zilikwenda zote isipokuwa ile fupi, ambayo Hamisi aliiacha ukutani kwenye msumari wake. Alisema mwenye baa hataki fimbo mbovu. Nilipompelekea Mama Hadija aliipokea, akaipima mkononi kwa mazoea, akanirudishia. "Fimbo bila mipira ni ya kuchungia mbuzi," akasema, "na mimi sina mbuzi." Niliirudisha ghalani, nikaitundika.

Nilifikiri ataendelea kuja. Alasiri ya kwanza niliacha mlango wa nyuma wazi, nikakaa, nikasikia Hadija akiaga kwenda kwa fundi, nikasubiri. Hakuja. Wala kesho yake. Chakula kililetwa kama kawaida, na uani tuliulizana habari, lakini maneno yalikuwa yamepungua, kana kwamba yalikuwa yanakaa ndani ya ile meza na lori limeondoka nayo. Siku moja nilijaribu kumuuliza habari za wakwe, kama tulivyokuwa tukizungumza. Aliangalia huku na huku, mikono haina cha kushika, hakuna mipira ya kutazama, akasema, "Hawajambo." Nilielewa kwamba yapo mambo aliyoweza kuyasema akiwa ameinama tu, na akisimama wima mbele ya mtu hawezi. Siku hizi, nikiishi peke yangu na watoto wangu wako mbali, najikuta na mimi nasema ya moyoni nikiwa nachambua mboga tu, na nikimaliza kuchambua nanyamaza.

Harusi ilifungwa mwezi wa saba, kiangazi, mikorosho imeanza kutoa maua na harufu yake iko kila mahali. Wakwe walikuja kwa magari mawili. Walikuwa watu wapole kuliko nilivyotishwa, wazee wenye kofia nyeupe na wake zao waliokula kidogo kidogo, na kama waliuliza chochote sikukisikia. Mama Hadija alihangaika siku tatu bila kukaa. Walipomwingiza Hadija garini alisimama mlangoni ameshika nguzo ya baraza, halii, na gari lilipopotea aliingia jikoni akaanza kuosha masufuria ya watu mia. Niliosha naye. Tulipomaliza alitazama ua, akasema, "Nyumba imekuwa kubwa, mwanangu." Akaongeza kwamba kama napenda, naweza kuhamia chumba cha Hadija, kina dirisha la upande wa barabara, nami nisilipe kitu.

Gari langu likaja wiki iliyofuata. Kampuni ilikuwa imeamua kuliacha ghala, na nilitakiwa kukabidhi funguo kwa mjumbe na kurudi Masasi mara moja. Nilikuwa nimeliota gari hilo tangu mwanzo wa mvua, na nilipoliona moyo wangu ulikimbia mbele yake. Nilifungasha kabla dereva hajazima injini, nikafunga ghala na ile fimbo fupi ikiwa bado ukutani. Mama Hadija alinifungia korosho za kuchoma kwenye kitambaa. Nilimpa mkono kwa adabu, nikamwambia nitakuja kumtembelea, naye akasema, "Mungu akupeleke salama," na hakuna aliyetaja chumba.

Gari lilipogeuka kuelekea barabara kuu niliegemea dirishani kumpungia, nikamtafuta barazani kwake, hakuwepo. Ilikuwa alasiri. Alikuwa amesimama kwenye mlango wa nyuma wa ghala, mgongo kwetu. Alilishika kufuli, akalivuta mara moja, akalivuta tena, kisha akabaki ameweka kiganja juu ya bati.